Simu Hadi Runinga: Kagua Simu Kabla ya Kununua Adapta

Katika nyumba nyingi za Mwihoko, kaunti ndogo ya Ruiru, simu ndiyo maktaba ya familia. Ndani yake mna video za masomo, mafundisho ya ufundi, rekodi za mikutano ya chama na picha za harusi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Kenya (KICD) ilipeleka masomo kwa redio, televisheni na intaneti, na wazazi wengi wakazoea kuwapa watoto simu wasomee. Shida ni kwamba watoto watatu hawawezi kufuata somo moja kwenye kioo cha inchi sita bila kugombana, huku runinga kubwa ikining'inia ukutani.

Chukulia mzazi anayeamua kutatua jambo hilo. Anapita kwenye meza ya vifaa vya simu jioni akitoka kazini na kuulizia kifaa cha kuunganisha simu na runinga. Muuzaji anamwonyesha adapta ndogo na kumhakikishia: "Mama, hii inaingia simu zote." Anajaribu, na kweli inaingia. Analipa. Nyumbani anachomeka kila kitu, runinga inawaka, kisha inaandika kwamba hakuna mawimbi. Anabadilisha kebo, anazima na kuwasha, lakini hali ni ile ile. Kesho yake muuzaji anaijaribu adapta kwa simu nyingine na inaonyesha picha vizuri, kwa hivyo anakataa kurudisha pesa.

Hapo hakuna kifaa kibovu. Adapta ni nzima, runinga ni nzima, na simu pia ni nzima. Ila simu hiyo haikutengenezwa kutoa picha kupitia tundu lake la kuchajia. Somo hili linaeleza jinsi mkazi anavyoweza kulijua hilo kabla ya kulipa, na afanye nini iwapo simu yake ni ya aina hiyo.

Kuingia si kutoa picha

Mtu anayeishi na tanki la maji juu ya nyumba anajua kwamba mfereji unaweza kufungwa vizuri kabisa na maji yasitoke, kwa sababu bomba lililo nyuma yake halikuunganishwa na tanki. Tundu la simu ni vivyo hivyo. Umbo lake linaonyesha ni kebo gani itaingia, lakini halionyeshi ni nini kitakachotoka. Simu zote hupokea umeme kupitia tundu hilo, na karibu zote hupitisha faili. Kutoa picha ni kazi ya tatu, inayohitaji mtengenezaji awe ameweka nyaya na sakiti zake ndani ya simu. Kama hakuziweka, adapta ya kawaida haiwezi kuziongeza.

Matundu matatu ya simu

La kwanza ni micro-USB, tundu dogo lililobanwa upande mmoja, linalopatikana kwenye simu za zamani na baadhi ya simu za bei nafuu. Simu chache za aina hiyo zilitoa picha kwa njia mbili zisizopatana. Moja ni MHL, iliyoanzishwa mwaka 2010 na kampuni za Nokia, Samsung, Silicon Image, Sony na Toshiba, na kutumika kwenye simu kama Samsung Galaxy S II ya mwaka 2011. Nyingine ni SlimPort, iliyotumika kwenye simu kama Nexus 4 ya mwaka 2012. Adapta zake zinafanana kwa macho, lakini ya MHL haifanyi kazi kwenye simu ya SlimPort, wala ya SlimPort kwenye simu ya MHL. Simu nyingine nyingi za micro-USB hazikuwa na njia yoyote kati ya hizo mbili. Adapta za MHL bado huuzwa kama za kila simu, na ndiyo maana huwakosesha pesa watu wengi.

La pili ni USB-C, tundu la duara bapa ambalo kebo yake huingia upande wowote. Muundo wake ulitolewa mwaka 2014 na una pini 24. Mwaka huo huo ukatolewa mpango wa kupitisha picha za DisplayPort kupitia pini hizo. Mpango huo si lazima, kwa hivyo mtengenezaji huchagua kuuweka au kuuacha. Simu za Samsung za msururu wa Galaxy S, kuanzia S8 ya mwaka 2017, hutoa picha, ilhali nyingi za msururu wa A hazitoi. Kwa Apple, iPhone 15 iliyotoka mwaka 2023 hutoa picha kupitia USB-C. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina USB-C ya kiwango cha 2.0, na kwa kawaida hizo hazitoi.

La tatu ni Lightning, lililokuwa kwenye iPhone kuanzia mwaka 2012 mpaka USB-C ilipochukua nafasi yake. Simu hizo hutumia adapta maalumu yenye kichakataji kidogo ndani yake, ambacho hupokea video kutoka kwenye simu na kuigeuza iwe HDMI. Adapta ya Apple yenyewe ina tundu la pili la kuchajia simu wakati wa kuonyesha. Zile za kuiga mara nyingi hazifanyi kazi mpaka zichomekwe chaja.

Kujua kabla ya kulipa

Hatua ya kwanza ni kufungua mipangilio ya simu, kwenda kwenye sehemu ya maelezo kuhusu simu, na kuandika jina kamili la modeli pamoja na herufi na tarakimu zake. Majina kama A15 na S15 yanatamkwa karibu sawa dukani, lakini herufi moja inaweza kumaanisha simu tofauti kabisa.

Hatua ya pili ni kutafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji na kusoma sehemu ya USB. Neno la kutafuta ni DisplayPort, au HDMI, au maelezo kwamba simu hutoa video. Pakiwa pameandikwa USB 2.0 pekee bila maneno hayo, ni busara kuhesabu kwamba simu haitoi picha mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hatua ya tatu ndiyo ya uhakika zaidi: kuijaribu adapta dukani kwa simu ile ile itakayotumika, kwenye runinga iliyowashwa. Simu ya muuzaji si kipimo. Duka lisilo na runinga ya kujaribia linaweza kuombwa liandike kwenye risiti kwamba kifaa kitarudishwa kisipofanya kazi na modeli iliyotajwa.

Upande wa runinga

Runinga bapa nyingi zina HDMI, muundo uliotolewa mwaka 2002, unaobeba picha na sauti kwa kebo moja. Baada ya kuchomeka, mtumiaji hubonyeza kitufe cha rimoti kilichoandikwa Source au Input na kuchagua namba ya tundu la HDMI alilotumia. Wengi hudhani adapta ni mbovu kumbe runinga bado iko kwenye chaneli.

Runinga ya zamani yenye mgongo mkubwa huwa na matundu matatu ya AV: la njano la picha, jekundu na jeupe ya sauti. Hapa panahitajika kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa AV. Visanduku hivi ni vya aina mbili zinazofanana sana. Kilichoandikwa HDMI2AV hutoa picha kutoka kifaa kipya kwenda runinga ya zamani, na kilichoandikwa AV2HDMI hufanya kinyume chake. Ukinunua cha pili kwa kazi ya kwanza, hakitaonyesha chochote. Vyote viwili huhitaji umeme wa volti 5 kupitia kebo ya USB, ambao chaja ya kawaida ya simu inatosha kuutoa.

Projekta na skrini za kompyuta za zamani zina VGA, muundo wa mwaka 1987 wenye pini 15. VGA hubeba picha tu, bila sauti. Kikundi kinachotaka kuonyesha video ukumbini kwa projekta ya aina hiyo kinapaswa kupanga spika mapema.

King'amuzi nacho huleta mkanganyiko. Tundu lake la HDMI hutoa picha kwenda kwenye runinga na halipokei kutoka kwenye simu. Kuchomeka simu hapo hakusaidii.

Simu isiyotoa picha bado inafaa

Mwenye simu ya aina hiyo hahitaji kununua nyingine. Njia ya bei nafuu zaidi ni flashi. Simu nyingi za Android hukubali adapta ndogo ya OTG, inayoziwezesha kusoma flashi. Video inanakiliwa kutoka kwenye simu hadi kwenye flashi, kisha flashi inachomekwa kwenye tundu la USB la runinga. Kama runinga ni ya zamani na haina USB, king'amuzi kinaweza kusaidia. Tangu Kenya izime matangazo ya analogia mwaka 2015, runinga nyingi za zamani zimeunganishwa na ving'amuzi, na vingi vya hivyo vina tundu la USB linalocheza video. Faili ya MP4 ndiyo inayokubalika zaidi. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili moja iliyozidi GB 4, kwa hivyo rekodi ndefu hugawanywa.

Njia ya pili ni bila waya. Simu na runinga nyingi za kisasa zina Miracast, ambayo huunganisha vifaa viwili moja kwa moja bila kutumia bando. Chromecast hufanya tofauti: katika programu nyingi, kifaa hicho huchukua video chenyewe kutoka kwenye intaneti, kwa hivyo bando au Wi-Fi ya nyumbani hutumika.

Njia ya tatu ni adapta zenye chipu ya picha ndani yake, kama za DisplayLink, ambazo hupokea data ya kawaida ya USB na kuigeuza kuwa picha kwa msaada wa programu inayowekwa kwenye simu. Hizi hufanya kazi kwenye simu nyingi zisizo na DisplayPort, ingawa filamu zenye kinga ya hakimiliki huenda zikaonyesha giza tupu. Njia hii ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa kuliko zote.

Picha ikitoka, siri nazo hutoka

Programu inayopeleka picha kwenye runinga huona kila kinachoonekana kwenye kioo cha simu. Baadhi ya kebo za bei ya chini huja na karatasi yenye msimbo wa kupakua programu kutoka mahali pasipojulikana, na nyingine humtaka mtumiaji awashe mipangilio ya watengeneza programu inayoruhusu kifaa cha nje kuiamrisha simu. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa, ujumbe wa benki na namba za siri za kuthibitisha miamala. Programu ya aina hiyo ichukuliwe kutoka duka rasmi la programu pekee, na kebo inayotaka kufunguliwa milango hiyo ni afadhali iachwe.

Hata kwa adapta ya kuaminika, ujumbe ukiingia wakati wa kuonyesha, ukumbi mzima utausoma. Kabla ya mkutano wa chama au darasa, arifa zizimwe au simu iwekwe katika hali ya kutosumbuliwa, na miamala isubiri mpaka kebo ichomolewe.

Haki ya mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na pia haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hizo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inazipa haki hizo nguvu. Muuzaji anayesema adapta inafanya kazi na simu zote, ilhali haifanyi, amempa mnunuzi habari isiyo sahihi. Anayeshikilia risiti iliyotaja kifaa na modeli ya simu ana ushahidi mkononi, na asiye na risiti hubaki kubishana tu. Muuzaji mwaminifu naye hulindwa na risiti hiyo hiyo, maana inaonyesha alichoahidi na ambacho hakuahidi.

Mambo ya kukumbuka

1. Adapta kuingia kwenye simu si uthibitisho kwamba simu hutoa picha.
2. Jina kamili la modeli litafutwe kwanza, pamoja na neno DisplayPort au HDMI katika maelezo ya mtengenezaji.
3. Adapta ijaribiwe dukani kwa simu itakayotumika, na risiti itaje modeli.
4. Tundu la runinga litazamwe kabla ya kwenda dukani: HDMI, AV au VGA. Kwa runinga ya zamani, kisanduku kiwe cha HDMI2AV.
5. Kama simu haitoi picha, OTG na flashi zinatosha kwa masomo na rekodi nyingi.
6. Programu isiyojulikana isiwekwe kwenye simu yenye pesa, na arifa zizimwe kabla ya kuonyesha.

Yule mzazi aliyerudi nyumbani na adapta isiyomfaa alikosa swali moja tu la kuuliza mezani: je, simu yangu hii hutoa picha? Kuuliza si ujinga, na swali hilo halilipiwi.