Mwezi wa Kuzaliwa na Uteuzi wa Watoto katika Besiboli

Tuchukue mfano wa watoto wawili wa Kimarekani: mmoja amezaliwa tarehe 1 Agosti 1990, mwingine tarehe 31 Julai 1991. Katika Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanzishwa na Carl Stotz mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, umri wa mchezaji kwa miaka mingi ulipimwa kwa tarehe 31 Julai. Siku hiyo, mwaka 2000, wote wawili walihesabiwa kuwa na miaka 9. Lakini wa kwanza alikuwa akitimiza miaka 10 kesho yake, ilhali wa pili alikuwa ametimiza miaka 9 siku hiyohiyo. Wakisimama mbele ya kocha mmoja, nani atateuliwa?

Makala haya yanaeleza kwa nini mara nyingi huteuliwa yule wa kwanza, na kwa nini jambo hilo linawahusu wataalamu wa afya ya mtoto.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 1985, mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kuwa wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni nchini Kanada, ambako rika lilianza kuhesabiwa Januari, walizaliwa zaidi katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Mwaka 1991 watafiti hao waliigeukia besiboli ya Marekani, na safari hii Agosti ikawa mbele. Baadaye, mwaka 2008, mwandishi Greg Spira alieleza kuwa, tangu 1950, mtoto aliyezaliwa Marekani mwezi Agosti alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika ligi kuu, kwa asilimia 50 hadi 60, kuliko aliyezaliwa Julai. Nchini Japani, ambako mwaka wa shule huanza Aprili, wachezaji wa kulipwa waliozaliwa Aprili hadi Juni huwazidi kwa idadi wale wa Januari hadi Machi.

Mchezo ni uleule, lakini mwezi wenye faida hubadilika kufuata tarehe inayotenganisha marika. Kwa hiyo chanzo si nyota wala majira ya mwaka. Ni kalenda ya waandaaji. Takwimu hizi zinazungumzia makundi, wala hazimtabirii mtoto mmoja mmoja.

Ukuaji hudhaniwa kuwa kipaji

Mtoto wa miaka 9 hurefuka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Kwa umri huo, miezi 12 ni sehemu moja ya tisa ya maisha yake yote. Huonekana katika nguvu za bega, kasi ya mbio, na uwezo wa kulenga mpira unaokuja. Balehe huongeza tofauti, kwa kuwa wavulana wawili wenye tarehe moja ya kuzaliwa wanaweza kupishana miaka kadhaa katika ukomavu wa mifupa.

Kocha humwona aliyetangulia kukua akamdhania amejaliwa kipaji. Mtoto huyo hupewa mechi nyingi, mafunzo bora na sifa, hata mwisho akawa hodari kwelikweli. Tofauti iliyoanza kwa miezi michache huwa imegeuka kuwa ya ujuzi.

Madhara kwa wote wawili

Aliyeachwa hujiona hafai. Wengine huacha michezo kabisa, wakapoteza faida za mazoezi ambazo mwili wao ungezihitaji hata ukubwani. Aliyeteuliwa naye hayuko salama: mrushaji mwenye nguvu hurushishwa mno, na gegedu za ukuaji katika kiwiko chake, ambazo bado hazijawa mfupa mgumu, huweza kuumia. Ndiyo maana tangu 2007 Little League huweka kikomo cha idadi ya mirusho: 75 kwa siku kwa watoto wa miaka 9 na 10, na 85 kwa wa miaka 11 na 12.

Hatua za kuchukua

Kuhamisha tarehe pekee hakutoshi. Little League ilihamia 30 Aprili mwaka 2006, na tangu 2018 hutumia 31 Agosti. Kila badiliko huhamisha faida kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Linalofaa zaidi ni kumkumbusha mteuzi umri halisi. Katika jaribio la soka nchini Uholanzi, lililochapishwa 2017, wachezaji walivalishwa namba za jezi kwa mpangilio wa umri, na upendeleo wa wateuzi ukapungua. Kocha anaweza pia kuandika umri kwa miaka na miezi, na kumwita tena mwakani mtoto aliyemwacha.

Yote hayo yanahitaji tarehe ya kuzaliwa inayoaminika. Mwaka 2011, timu ya watoto wa Uganda iliyofuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League ilinyimwa viza kwa sababu ya utata wa nyaraka za umri. Mwaka uliofuata, timu ya Lugazi, Uganda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Mzazi asichelewe kumsajili mtoto wake. Na mtoto akikataliwa katika mchezo wowote, amuulize kocha swali hili kwanza: mwanangu amezidiwa kipaji, au amezidiwa miezi?