Kibla cha Sumbawanga na Mwingereza wa Maktaba ya Cairo

Nilikuwa Sumbawanga kwa shughuli za kifamilia, nikasali Ijumaa katika msikiti mmoja ambao sitautaja. Baada ya sala hapakuondoka mtu. Msingi wa msikiti mpya ulikuwa karibu kuchimbwa, na mzozo ulikuwa juu ya kibla. Mzee mmoja akasema kibla ni kaskazini, ndivyo alivyofundishwa na masheikh wa pwani. Kijana mmoja akatoa simu, akasema, "Samahani Mzee, ni kaskazini lakini mkono wa kulia." Simu ya pili ikaonyesha kwingine, na ya tatu, iliyowekwa karibu na nondo, kwingine kabisa. Maneno yakapanda, hata neno bid'aa likatamkwa.

Pale nilimkumbuka mtu anayeitwa David King. Ni Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1941, akasoma hisabati Cambridge, na mwaka 1972 akapata shahada ya uzamivu Yale, Marekani, kwa utafiti juu ya Ibn Yunus, mwanafalaki wa Cairo aliyefariki mwaka 1009. Kisha akaenda Cairo kwenyewe. Miaka ya 1970 ilimpita akipekua hati za kale za sayansi katika Maktaba ya Taifa ya Misri, zipatazo 2,500, na kuziorodhesha. Akafundisha New York, halafu Frankfurt, Ujerumani, kuanzia mwaka 1985 hadi alipostaafu mwaka 2006. Nakiri, inaniuma kidogo kwamba hati zile ziliandikwa na babu zetu katika imani, na sisi tulihitaji mtu wa Cambridge atusomee.

Alichokikuta humo ni kikubwa. Misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilikuwa na mtu aliyeitwa muwaqqit, kazi yake kukokotoa nyakati za sala na kibla. Huyu alikuwa mwajiriwa wa msikiti kama imamu na muadhini. Mmoja wao, Shamsuddin al-Khalili wa Damascus, karne ya 14, alitengeneza jedwali la kibla lenye tarakimu karibu 3,000, na King akalichambua hadharani mwaka 1975. Jedwali lile linaanzia latitudo 10 kaskazini. Sumbawanga iko karibu latitudo 8 kusini, kwa hiyo Ufipa haimo, lakini kanuni ni ile ile.

King alionyesha jambo jingine ambalo wagomvi wetu walipaswa kulisikia kwanza. Mjini Cairo kulikuwa na kibla cha masahaba, kilichofuata mawio ya jua la kipupwe, na kibla cha wanafalaki, tofauti yake nyuzi kama 10. Samarkand Mahanafi walielekea magharibi na Mashafii kusini. Sala zikaswaliwa karne kwa karne. Na wanazuoni wengi wanasema aliye mbali na Makka inamtosha kuelekea upande wa Al-Kaaba, ingawa sisi Mashafii tunalibana zaidi jambo hili.

Sasa hesabu yenyewe. Dar es Salaam iko karibu kusini kabisa mwa Makka, kibla chake kimepinda nyuzi moja tu kutoka kaskazini. Kwa hiyo masheikh wa pwani hawakukosea. Lakini Sumbawanga iko mbali magharibi, na kibla chake ni nyuzi 15 mashariki ya kaskazini. Mzee alikuwa na elimu sahihi ya mahali pengine.

Nikawaambia waache simu. Kila mwaka tarehe 27 na 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Nasiruddin al-Tusi, aliyefariki mwaka 1274, alikwisha kulieleza hilo. Simamisha mti ulionyooka kwa timazi. Kivuli kitalala kinyume na Makka, na ukitoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina umeshapata kibla. Mwezi Mei mvua za Ufipa zimekwisha na mbingu ni safi. Ukikosa siku hizo, tarehe 15 na 16 Julai zinafaa, saa sita na dakika 27.

Wakakubali kusubiri. Siku ilipofika nilikuwa nimesharudi Dar, nikapigiwa simu. Aliyeushika uzi wa timazi alikuwa Mzee mwenyewe, na kijana ndiye aliyepigilia mambo ya msingi.