SOMO LA WIKI: Kabla ya kununua vinyunyizio vya moto, hesabu maji yako

Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mitaji yao kwa usiku mmoja. Mfanyabiashara wa Sumbawanga anayenunua mahindi ya Ufipa au mpunga wa bondeni Kaoze naye huweka mtaji wa msimu mzima chini ya paa moja. Wiki hii tunaangalia vinyunyizio vya maji vinavyojifungua vyenyewe moto unapotokea.

Kuchagua. Kichwa cha kinyunyizio huzibwa na kichupa cha kioo chenye kimiminika. Joto likifikia kiwango chake, kichupa hupasuka na maji hutoka. Hufunguka vichwa vilivyo karibu na moto tu, si vyote. Kichupa chekundu hupasuka kwa nyuzi 68 za Sentigredi, nacho kinafaa duka la kawaida. Mahali penye joto zaidi, kama chini ya bati lisilo na dari, tumia cha kijani cha nyuzi 93.

Kufunga. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kiwango cha Ulaya, EN 12845, kinataka duka kubwa liwe na maji ya kumwaga lita 5 kwa dakika katika kila mita ya mraba, juu ya eneo la mita 216, kwa dakika 60. Hesabu yake ni lita 64,800. Tangi la plastiki la lita 5,000 lingekwisha kabla ya dakika 5. Magunia yaliyopangwa hadi juu huhitaji maji mengi zaidi. Kwa hiyo anza na tangi, kisha pampu, na pawepo pampu ya dizeli kwa siku ambayo umeme umekatika. Vichwa vinunuliwe mwisho.

Kutunza. Washa pampu kila wiki na usome geji ya presha. Vali kuu ibaki wazi, ifungwe kwa mnyororo na kufuli ili asiigeuze mtu. Usipake rangi vichwa, wala usivitundikie bidhaa. Acha nafasi ya nusu mita kati ya kichwa na mzigo. Weka vichwa vya akiba vya nyuzi zilezile.

Asiyemudu gharama hizi asinunue mfumo nusunusu. Heri agawe mzigo katika maghala mawili, akague nyaya za umeme, aweke vizimamoto na kuomba ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Bima nayo ni ya lazima, lakini bima hulipa magunia. Hairudishi wateja waliokwisha kuhamia kwa jirani.