Nyasi Kavu Chini ya Mgomba

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, migomba hupandwa kibanjani, yaani katika shamba linaloizunguka nyumba. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya kiangazi. Mgomba uliokosa maji huzaa mkungu mdogo, na watu wa nyumba hiyo hupungukiwa na chakula. Kwa hiyo wakulima hutandaza nyasi kavu chini ya migomba, wakisema kwamba nyasi huhifadhi maji udongoni. Mtu mwingine aweza kubisha: "Nyasi hunyonya mvua kabla haijafika ardhini!" Kukata nyasi na kuzibeba ni kazi kubwa. Basi tufanye jaribio, tujue ukweli.

Tafuta makopo mawili yanayolingana. Yajaze udongo uliotoka mahali pamoja, kisha mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo. Funika udongo wa kopo moja kwa nyasi kavu; la pili liache wazi. Ning'iniza fimbo kwa kamba iliyofungwa katikati, halafu tundika kopo moja katika kila ncha. Upande usio na nyasi utakuwa mwepesi kidogo. Funga kokoto chache katika kitambaa, uzitundike upande huo mpaka fimbo ilale sawa. Usiziweke kokoto juu ya udongo. Je, waweza kueleza kwa nini?

Acha mizani yako juani kwa siku tatu zisizo na mvua. Utaona kopo lililo wazi likipanda. Jua na upepo hugeuza maji ya udongoni kuwa mvuke, nao huenda hewani. Nyasi huukinga udongo.

Tuseme mwenzako aliliweka kopo lenye nyasi kivulini, na kopo la wazi juani. Kopo la wazi likikauka upesi, hawezi kujua kama sababu ni nyasi au ni kivuli. Amebadili mambo mawili kwa pamoja. Yampasa aanze upya.

Yule mbishi bado hatujamjibu, kwa kuwa sisi tulimimina maji kabla ya kutandaza nyasi. Tayarisha makopo mengine mawili yenye udongo mkavu. Tandaza nyasi katika moja, kisha nyunyizia kila kopo vijiko viwili vya maji. Baada ya dakika 10 ondoa nyasi, uguse udongo. Fanya tena kwa udongo mkavu mwingine, ukitumia kikombe kizima.

Maswali
1. Mbishi alisema kweli wakati wa manyunyu, au wakati wa mvua kubwa?
2. Kama mvua ya kwanza ya Septemba ni manyunyu tu, mkulima afanye nini na nyasi zake? Toa sababu.