Askari Amerudi, Moyo Bado Uko Njiani



Kijana mwenzangu, fungua 1 Wafalme 19:1-8. Nabii Eliya ametoka kushinda kule Karmeli. Ungetegemea ashangilie, siyo? Badala yake anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu afe.

Somo hili linatuhusu. Hapa Kibaha na kwa jirani zetu wa Kisarawe, wanajeshi wastaafu ni wazazi wetu na tunasali nao jumuiya. Wapo wazee wa Vita vya Kagera vya 1978–1979. Nchini pia wapo waliolinda amani Kongo, ambako tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilishambuliwa na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Wenzao walirudi nyumbani na kumbukumbu hizo.

Nyumbani unaweza kuona hivi: baba halali usiku. Mlango ukibamizwa anashtuka. Anawaka kwa jambo dogo, au anakaa kimya siku nzima. Watoto wanadhani hawapendi. Majirani wanasema karogwa. Na sisi wa kanisani tunasema imani yake ndogo.

Sasa angalia Mungu alivyofanya. Hakumkemea Eliya. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Mahubiri hayakutangulia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba neema haifuti maumbile, huyakamilisha. Kiwewe ni jeraha la mtu mzima, mwili na roho. Kwa hiyo dawa, ushauri nasaha na sakramenti havigombani hata kidogo.

Tufanye nini?

1. Usimwulize aliua wangapi. Kaa naye, akitaka kusema, sikiliza.
2. Msaidie mama kazi. Naye amechoka.
3. Akitaja kufa, usiifanye siri. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mpelekeni hospitali, iwe Tumbi au Kisarawe.
4. Akiwapiga, tafuteni usalama kwanza. Kumpenda baba si kuvumilia kipigo.
5. Dhamiri ikimsumbua, mwombe padre amtembelee.

Tafakari: katika jumuiya yako, nani alirudi kutoka jeshini na hakuna aliyemuuliza hali?

Tusali: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, utufanye mkate na maji kwa waliochoka. Amina.