Jikinge na Saratani ya Kongosho: Ijue Historia ya Ukoo Wako, Achana na Tumbaku

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha kila mtu mzima. Kinamhusu zaidi mwenye ndugu aliyeugua saratani, anayetumia tumbaku kwa namna yoyote, mwenye kisukari, au anayekunywa pombe nyingi. Kitakusaidia kujua nini kinaongeza hatari ya saratani ya kongosho, kipi kati ya hivyo huwezi kukibadili, na kipi unaweza kukibadili kuanzia leo.

Kongosho na saratani yake

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa takriban sentimita 15, kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula. Hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na pia homoni ya insulini inayodhibiti sukari mwilini. Kwa kuwa kimejificha ndani, uvimbe wake unaweza kukua muda mrefu bila mtu kuuona wala kuuhisi.

Mwaka 2022, watu zaidi ya 510,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na wengine zaidi ya 460,000 walifariki kwa ugonjwa huo huo. Vifo vinakaribia idadi ya wagonjwa wapya kwa sababu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Hivyo kuzuia, na kuwahi, ndiyo silaha kubwa tuliyo nayo.

Je, saratani hii inarithiwa?

Kwa wagonjwa wengi, hapana. Saratani huanza pale vinasaba vya seli vinapopata hitilafu, na seli hiyo ikaanza kuongezeka bila mpango. Katika aina inayowapata wagonjwa wengi, zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe huwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo KRAS. Mtu hazaliwi na hitilafu hiyo wala hawarithishi watoto wake. Hutokea ndani ya kongosho kadiri miaka inavyosonga. Ndiyo maana umri ni sababu kubwa ya hatari, na wengi wanaougua wamevuka miaka 50.

Hata hivyo, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 ana hatari aliyoirithi. Zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Jeni za BRCA2, BRCA1, PALB2 na ATM. Zikiwa na hitilafu huongeza pia hatari ya saratani ya matiti, na baadhi yake huongeza ile ya ovari au ya tezi dume. Ukoo wenye wagonjwa kadhaa wa saratani hizi unapaswa kuangaliwa kwa makini.
- Ugonjwa wa Lynch, unaofahamika zaidi kwa kuleta saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba, mara nyingi kabla ya miaka 50.
- Ugonjwa wa Peutz-Jeghers, ambao huonekana tangu utotoni kwa madoa meusi kwenye midomo na ndani ya mashavu.
- Uvimbe sugu wa kongosho wa kurithi, unaomletea mtu maumivu makali ya tumbo ya kujirudia tangu akiwa mtoto au kijana.

Mzazi mwenye hitilafu ya BRCA2 ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa. Baba hurithisha sawa na mama, na mtoto wa kiume hurithi sawa na wa kike. Kwa hiyo ukiulizwa habari za saratani ya matiti katika ukoo, usitaje upande wa mama peke yake. Shangazi zako nao wanahusika.

Uliza wazee ungali nao

Katika familia nyingi marehemu husemwa alikufa kwa "tumbo" au kwa "ini", mazungumzo yakaishia hapo. Wengine husema alirogwa. Maelezo hayo yanawanyima watoto na wajukuu taarifa ambayo ingewalinda. Kaa na wazee, uwaulize kwa heshima: Aliugua nini? Macho yake yaligeuka njano? Alikuwa na umri gani? Kuna cheti au karatasi za hospitali?

Unapomweleza daktari, taja uhusiano halisi wa damu. Kwetu baba mdogo huitwa baba, na mtoto wa mama mdogo huitwa kaka au dada. Daktari anahitaji kujua nani ni mzazi aliyekuzaa, nani ndugu wa baba na mama mmoja, na nani mtoto wako wa kumzaa, kwa kuwa hao ndio hatari yao iko karibu zaidi na yako. Ukiwa na wawili au zaidi kati ya hao waliougua saratani ya kongosho, hatari yako ni mara kadhaa ya mtu wa kawaida. Mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu.

Funzo kutoka ukoo mmoja

Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alifiwa na watu wanne wa karibu kwa saratani ya kongosho: baba yake mwaka 1953, dada yake Ruth mwaka 1983, mdogo wake Billy mwaka 1988, na dada yake Gloria mwaka 1990. Watatu kati yao hawakufika miaka 60. Carter alieleza hadharani kwamba wote wanne walivuta sigara, na yeye hakuvuta. Aliishi mpaka miaka 100, akafariki Desemba 2024.

Ukoo mmoja hautoshi kuthibitisha jambo kisayansi, lakini unalingana na yale ambayo tafiti nyingi zimeonyesha: tumbaku huongeza hatari juu ya hatari. Mwenye historia ya ukoo ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuikataa.

Mambo unayoweza kuyabadili

Tumbaku. Mvutaji wa sigara ana hatari takriban mara mbili ya asiyevuta. Ugoro, kuberi na tumbaku ya kutafunwa na tambuu havina moshi, lakini si salama: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kwamba tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya kinywa na ya kongosho. Ukiacha sigara hatari hushuka mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka 10 hadi 20 hukaribia ile ya mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Uzito uliozidi. Unene, hasa kitambi, huongeza hatari ya saratani hii na ya kisukari pia. Punguza soda, vitumbua na chipsi za kila siku. Ongeza mboga za majani, maharage na matunda. Tembea kwa miguu.

Pombe. Unywaji mwingi wa muda mrefu huunguza kongosho na kuleta uvimbe sugu, ambao nao huzaa saratani kwa baadhi ya watu. Bia, gongo au mvinyo, kilevi ni kilekile.

Kisukari. Kisukari cha aina ya pili cha muda mrefu huongeza hatari. Tumia dawa zako na uhudhurie kliniki.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, inaambukiza?* Hapana. Kula au kulala pamoja na mgonjwa, au kumuuguza, hakuna madhara.

*Je, kahawa inaleta saratani hii?* Mwaka 1981 utafiti mmoja wa Marekani ulizua hofu hiyo, lakini tafiti zilizofuata hazikuithibitisha.

*Je, kila mtu apimwe?* Hapana. Upimaji wa asiye na dalili unashauriwa kwa wenye hatari kubwa ya kurithi tu, na hufanywa na wataalamu kwa MRI au kwa kipimo cha mpira wenye ultrasaundi unaopitishwa mdomoni.

Dalili za kukupeleka hospitali haraka

- Macho au ngozi kuwa njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kupauka, mwili kuwasha.
- Maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni.
- Kukonda na kukosa hamu ya kula bila sababu.
- Kisukari kinachoanza baada ya miaka 50, hasa mtu akiwa anakonda.

Dalili hizi zina sababu nyingine nyingi, na mara nyingi si saratani. Lakini usimalize wiki kadhaa ukinywa mitishamba kwa sababu ya macho ya njano. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ueleze historia ya ukoo wako, na uombe rufaa. Tanzania, wagonjwa wa saratani huhudumiwa katika hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC, na katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kenya, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Uganda, katika Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago.

Chukua hatua wiki hii

1. Waulize wazee wako, na uandike majibu.
2. Kama unatumia tumbaku, panga siku ya kuacha na umwambie mtu wa nyumbani akusaidie.
3. Pima uzito na sukari.
4. Ukiona dalili, usisubiri.

Ukimaliza kusoma, mpe kijitabu hiki ndugu yako. Damu mliyorithi ni moja, na kinga hii nayo inawahusu wote.