Nyumba Yenye Magurudumu: Wastaafu wa Marekani Jangwani

Ukimwuliza Mkenya yeyote mzee akistaafu huenda wapi, atakujibu kabla hujamaliza swali: huenda nyumbani. Hurudi mashambani, akajenga, akafuga ng'ombe wawili watatu, kisha akangoja wajukuu wakati wa likizo. Babu yangu alifanya hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu wa jiografia na alistaafu akiwa na miaka 55, kabla umri wa kustaafu wa watumishi wa serikali haujapandishwa hadi 60 mwaka 2009. Miaka yote ya kazi alilichora Jangwa la Chalbi ubaoni kwa chaki, lakini kulikanyaga hajawahi. Kila nikimwuliza lini atakwenda, hunijibu, "Mwakani, mjukuu wangu."

Katika somo hili nitawaeleza kuhusu wazee wengine ambao wakistaafu hawarudi nyumbani, bali huondoka na nyumba yenyewe! Tutawafuata hadi majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani. Njiani tutajifunza ardhi, maneno na hesabu ya maji. Mwishoni kuna maswali. Tafadhali usiyaruke.

1. GARI-NYUMBA NI NINI?

Ni gari ambalo ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, friji, meza, choo na bafu. Mengine ni madogo kama matatu, mengine ni makubwa kama basi. Yapo yanayojiendesha yenyewe, na yapo yanayovutwa na pikapu. Ndani yake kuna matangi matatu: la maji safi, la maji machafu ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Hayo mawili ya mwisho humwagwa mahali maalumu palipotengwa, si popote tu. Juu ya paa wengi huweka paneli za sola, maana jua la jangwani ni la bure.

Mbona wazee ndio wengi katika safari hizi? Kwanza, wana muda. Pili, Mmarekani huweza kuanza kupokea malipo yake ya uzeeni akiwa na miaka 62, ingawa akianza mapema hivyo hupata kidogo kuliko angengoja. Kwa umri huo huo huweza kununua kitambulisho cha kumwingiza katika mbuga za taifa maisha yake yote. Kilikuwa dola 10, kikapandishwa hadi dola 80 mwaka 2017. Tatu ni baridi. Wengi hutoka majimbo ya kaskazini, wakashuka kusini wakati wa kipupwe. Wenzao huwatania kwa kuwaita "ndege wa theluji", kwa sababu huhama na majira kama ndege.

2. SAFARI YENYEWE

Tuseme kuna mzee na mkewe kutoka Minnesota, jimbo ambalo Januari ziwa huganda hata watu wakapita juu yake kwa magari. Wamefunga mlango wao, wamewasha injini, na sasa wako Arizona.

Kituo cha kwanza ni Quartzsite. Ni mji mdogo sana, lakini wakati wa kipupwe jangwa linalouzunguka hufurika magari-nyumba. Karibu na hapo serikali imetenga ardhi ya umma ambapo mtu akilipa ada huruhusiwa kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Stima hakuna. Kila mtu na sola yake.

Sasa sikilizeni kioja. Katika makaburi ya mji huo pana kaburi lenye umbo la piramidi, na juu yake sanamu ya ngamia. Ngamia Marekani? Naam! Mnamo 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kwa meli ili wabebe mizigo jangwani, na pamoja nao walikuja wachungaji kutoka nchi za Waarabu na Waturuki. Mmoja wao aliitwa Haji Ali. Wamarekani jina hilo liliwashinda, wakaligeuza kuwa Hi Jolly, na ndilo lililoandikwa kaburini. Alifariki mwaka 1902. Mwalimu wetu akifundisha kutohoa maneno, mkumbuke Haji Ali: si Waswahili peke yao wanaogeuza neno la mgeni mpaka likae vizuri mdomoni.

Kituo cha pili ni Tucson, penye mbuga ya saguaro. Saguaro ni dungusi, yaani mmea wa jamii moja na mpungate tunaouona Laikipia (ambao nao asili yake ni Amerika). Husimama wima kama mtu aliyeinua mikono. Kwa miaka kumi ya kwanza huenda usizidi urefu wa kidole chako. Tawi la kwanza laweza kungoja miaka 50 hadi 75. Ukibahatika huishi miaka 150 au zaidi na kupita mita 12. Mvua ikinyesha hunywa na kuvimba. Kiangazi hujikunja na kutumia akiba yake polepole. Huyu ndiye mstaafu wa kweli wa jangwani!

Kituo cha tatu ni Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah. Hapa minara ya mawe mekundu imesimama peke yake katika uwanda, mingine ikifikia karibu mita 300. Wekundu huo ni wa chuma kilichoshika kutu ndani ya mawe. Zamani mahali hapa palikuwa juu pote. Maji na hali ya hewa vikala kingo mpaka vikabaki vilima vyenye vichwa bapa, na vilima hivyo navyo vikaliwa mpaka ikabaki minara. Kilima bapa cha namna hiyo Wahispania walikiita mesa. Je, umelitambua neno hilo? Ni meza! Sisi tulilipata kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania.

Bonde hili ni la Wanavajo, wenyeji wa Marekani tangu kabla ya Wazungu, na wao wenyewe ndio wanaoliendesha kama mbuga yao tangu 1958. Wao hujiita Diné, maana yake "watu". Sisi wenye lugha za Kibantu hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi. Mgeni huacha gari-nyumba lake juu, kisha akashuka bondeni na mwenyeji anayezijua njia za vumbi. Na saa? Usiulize. Arizona haibadilishi saa mwaka mzima, lakini Wanavajo husogeza saa zao mbele majira ya joto, na Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawasogezi. Basi mzee wetu akivuka mipaka hiyo mwezi wa Aprili, hubadilisha saa yake mara nne kabla ya chakula cha jioni!

Kituo cha nne ni Grand Canyon. Hapa lugha yetu inatutaka tuwe makini. Wengi husema ni "bonde la ufa la Marekani". La hasha! Bonde letu la Ufa lilitokea kwa sababu ardhi ilivutana na kuachana, sehemu ya katikati ikadidimia. Grand Canyon ni korongo: lilichimbwa na Mto Colorado, ambao ulianza kukata mwamba huo yapata miaka milioni 5 au 6 iliyopita. Korongo hilo lina urefu wa kilomita 446, upana unaofikia kilomita 29, na kina kinachopita kilomita moja u nusu. Mawe ya chini kabisa yana umri wa takriban miaka bilioni 1.8. Ukingo wa kusini uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, kwa hiyo mgeni aweza kukuta theluji huku akitazama jangwa chini yake.

3. HESABU YA MAJI

Picha nzuri tumeziona. Sasa tufike penye somo lenyewe. Jangwani msafiri hushauriwa awe na lita 4 za maji ya kunywa kwa siku, kila mtu. Wawili ni lita 8. Tuseme tangi la wazee wetu lina lita 150, na kwa kunywa, kupika, kuosha na kuoga wanatumia lita 25 kwa siku. Maji yatawatosha siku 6. Lakini mmoja wao akisimama chini ya bafu la lita 9 kwa dakika, akaoga dakika kumi kama alivyozoea nyumbani, lita 90 zimekwenda! Ndiyo maana wazee hawa huoga kwa kulowa, kufunga mfereji, kupaka sabuni, kisha kujisuuza. Mtu aliyefungua bomba miaka 60 bila kufikiri anajifunza leo yale ambayo mama wa Marsabit amejua tangu utotoni.

Na si wageni tu wanaopima. Kuna nyumba nyingi za Wanavajo ambazo hadi leo hazina maji ya mfereji. Wenyewe huyafuata mbali kwa pikapu. Mto Colorado wenyewe hutegemewa na watu wapatao milioni 40, na Julai 2022 Ziwa Mead, lililo nyuma ya bwawa la Hoover, lilishuka hadi kiwango cha chini kabisa tangu lijazwe katika miaka ya 1930.

Jangwa pia huua. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo za joto lisilopungua nyuzi 43 za Selsiasi. Na maji yenyewe huua: tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo jembamba la Antelope. Mvua iliyoleta mafuriko ilinyesha mbali, wao juu yao hawakuiona. Watu wa kaskazini mwa nchi yetu wanalijua hili vizuri: usilale ndani ya laga, hata kama mbingu ni nyeupe.

4. JE, WOTE HUFURAHI?

Hapana. Tusidanganyane. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, Wamarekani wengine wazee waliingia katika magari kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda, wakawa wanahama wakitafuta vibarua. Habari zao ziliandikwa na Jessica Bruder katika kitabu Nomadland mwaka 2017, kikatengenezewa filamu. Basi ukiona magari mawili yameegeshwa pamoja jangwani, huenda mmoja ametoka kutembea, na mwenzake hana pa kurudi. Hata mwenye pensheni nzuri hupanga safari kwa kuangalia hospitali iko umbali gani na dawa zitaisha lini.

5. HITIMISHO

Likizo iliyopita nilimsomea babu makala haya, tukiwa uani. Alinisahihisha mara mbili mahali pa makorongo, halafu akanyamaza. Mwishowe akauliza, "Hao wazee hutembea na dawa zao za presha?"

"Ndiyo, babu. Huziweka kwenye friji wakitaka."

"Na siku hizi lami imefika Marsabit?"

"Imepita, babu. Imefika mpaka Moyale."

Akasema nimwulizie nauli. Sijui kama atakwenda, lakini safari hii hakusema "mwakani". Wahenga walinena: ngoja ngoja huumiza matumbo. Nasi tulio na miguu bado, tusingoje kustaafu ndipo tuione nchi yetu.

MSAMIATI
Dungusi: mmea wa jangwani wenye miiba unaohifadhi maji shinani.
Kipupwe: majira ya baridi.
Korongo: bonde lenye kingo za wima lililochimbwa na maji.
Laga: mto mkavu ambao hujaa maji ghafla wakati wa mvua.
Bapa: -liosawazika juu, kama meza.

MASWALI
1. Eleza tofauti kati ya korongo na bonde la ufa. Toa mfano mmoja wa kila moja.
2. Wazee wawili wana tangi la lita 150. Wakitumia lita 30 kwa siku, maji yatawatosha siku ngapi?
3. Kwa nini si vyema kulala katika laga hata kama hakuna mawingu?
4. Taja maneno mengine matatu ya Kiswahili yaliyotoka katika Kireno.
5. Mwulize mzee mmoja nyumbani kwenu ni mahali gani angependa kupaona kabla hajachoka. Andika jibu lake kwa aya moja, ulilete katika mkutano ujao wa chama.